Ugonjwa wa Gari Ujulikane Kabla ya Dawa

Mtu yeyote aliyewahi kusafiri katika barabara inayofuata ufuko wa Ziwa Mweru, kutoka Nchelenge na Kashikishi kwenda Chienge hadi mpakani Lunchinda, amekwisha kuliona jambo tunalotaka kulizungumza leo. Gari kuukuu limesimama kando ya njia, boneti imeinuliwa, na watu wanne au watano wameiinamia injini kama watu wanaochungulia kisima kirefu. Nyuma ya gari yamo matenga ya samaki, na juu ya samaki barafu inayeyuka. Wa kwanza asema ni pampu. Wa pili asema ni kabureta. Wa tatu asema ni betri. Wa nne, ambaye hana gari wala hajapata kuwa nalo, asema kwamba mwenye gari amefanyiwa kijicho na jirani yake. Jua linapanda. Miongoni mwao wote hakuna hata mmoja aliyekwisha kutazama ndani ya tangi.

Jambo hili si la kuchekesha. Katika wilaya ambayo watu wengi huishi kwa uvuvi, na ambayo wavuvi wake hupumzisha nyavu zao kwa amri ya Serikali tangu Desemba hadi mwisho wa Februari kila mwaka, kila siku ya msimu ina thamani yake. Tenga moja la samaki wabichi likiharibika njiani, mtaji wa mama mchuuzi umekwisha. Tena si samaki peke yao wanaosafiri katika magari hayo. Mama mwenye uchungu wa uzazi anayepelekwa katika hospitali ya St. Paul's iliyoko Kashikishi, naye hupanda gari lilelile kuukuu, lenye tangi lilelile na pampu ileile. Gari likizima porini usiku, hasara yake haihesabiwi kwa fedha.

Twafahamu kwamba magari ya upande huu ni ya zamani, na yataendelea kuwa ya zamani. Land Rover na Toyota zilizokwisha kutumika miaka thelathini au arobaini bado zinabeba watu na mizigo, na wenye magari hayo wanastahili sifa kwa kuyatunza. Wala hatuna nia ya kuwalaumu kwa umaskini wasioutaka. Tunalolilaumu ni desturi moja mbaya iliyoingia mahali pengi, nayo ni desturi ya kununua dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Gari likikohoa, hununuliwa pampu. Likikohoa tena, hununuliwa kabureta. Likikohoa mara ya tatu, mwenye gari huuza baiskeli yake ili anunue koili. Na kwa kuwa vipuri vingi hufuatwa Mansa, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kutoka Nchelenge, kila kosa la kukisia hulipiwa mara mbili: bei ya kipuri na nauli ya kukifuata.

Tulishuhudia kisa kimoja ambacho kingefaa kusimuliwa katika kila gereji. Mzee mmoja alikuwa na gari dogo la kubebea mizigo, la petroli na lenye kabureta. Gari hilo likiwaka asubuhi lilikwenda vizuri kwa muda wa nusu saa, kisha likaanza kukosa nguvu, likakohoa, likazima. Likipumzishwa kidogo liliwaka tena kana kwamba halikuwa na kosa lolote. Pampu ya mafuta ilibadilishwa, ugonjwa ukabaki. Kabureta ilifunguliwa na kusafishwa, ugonjwa ukabaki. Siku ya tatu dereva mmoja mtu mzima, aliyekuwa akipita njia, aliuliza swali moja tu: "Mzee wangu, kifuniko cha tangi ni cha gari hili?" Mzee akajibu, "Hapana, mwanangu. Kile cha asili kilipotea, nikafunga kwa mfuko wa nailoni na mpira." Dereva akaufungua mpira ule, na tangi likavuta pumzi kwa sauti ambayo sote tuliisikia.

Hapakuwa na uchawi wala kijicho. Tangi la mafuta halina budi kuingiza hewa kwa kadiri mafuta yanavyotoka. Kifuniko cha gari la zamani huwa na tundu dogo kwa ajili hiyo. Tundu likizibwa, pampu huvuta mpaka ishindwe, kwa maana kila inapotoa mafuta ndani ya tangi hubaki utupu unaoyavuta kurudi nyuma. Gari likisimama, hewa hupenya polepole, na injini huwaka tena. Mzee yule alikuwa amekwisha kutumia fedha za pampu mpya, nauli ya kwenda na kurudi, na siku tatu za biashara, kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa kutoboa tundu moja.

Kilomita za Mwisho

Kabla ya kueleza namna ya kuchunguza, yafaa kwanza tujiulize mafuta yetu yanatoka wapi na yanafikaje. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilikamilishwa kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, urefu wa kilomita 1,710. Kwa miaka mingi lilipeleka mafuta ghafi katika kiwanda cha kusafishia cha Indeni. Tangu mwaka 2023 linapeleka dizeli iliyokwisha kusafishwa. Petroli nayo huletwa kwa malori yenye matangi. Katika safari yote hiyo ndefu mafuta hupimwa na kulindwa na watu wenye ujuzi. Lakini katika kilomita za mwisho humiminwa katika pipa lililoota kutu, kutoka pipa katika kidumu kilichokuwa na mafuta ya kupikia, kutoka kidumu katika chupa iliyooshwa ziwani wala haikukauka, na kutoka chupa katika tangi kwa kutumia karatasi iliyokunjwa. Mafuta yaliyopita salama nusu ya Afrika Mashariki huchafuliwa mlangoni petu.

Hatusemi kwamba kila auzaye mafuta kwa chupa kando ya barabara ni mdanganyifu. Wengi wao ni vijana wanaotafuta riziki, na pasipo wao magari mengi yangelala. Hata hivyo, ni ukweli usiofichika kwamba katika nchi zetu wamekuwapo watu wanaochanganya mafuta ya taa na petroli au dizeli ili wapate faida ya haraka. Ndiyo maana mwaka 2011 Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa, ili tofauti ya bei iliyowavutia wadanganyifu hao iondoke. Kwa hiyo anayechunguza gari linalokohoa hana budi kuanza na yale mafuta yenyewe, kabla ya kukilaumu chombo chochote kinachoyapitisha.

Tahadhari Kwanza

Ndugu msomaji, hatutaki mtu yeyote aunguzwe na makala yetu. Petroli ni kitu cha hatari kuliko wengi wanavyodhani. Inayoshika moto ni mvuke wake, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa ardhini pasipo kuonekana mpaka ufike penye jiko la mkaa, sigara au cheche ya betri. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, na moto ulipolipuka wakafa watu wapatao 100. Msiba ule ulikuwa wa lori zima, lakini kikombe kimoja cha petroli karibu na kibatari hufuata sheria ileile.

Basi kazi ifanywe nje, mchana, injini ikiwa imepoa, mbali na jiko na mbali na watoto. Pawepo na ndoo ya mchanga mkavu, kwa sababu petroli huelea juu ya maji, na mwenye kumwagia maji moto wa petroli huutawanya. Waya wa betri ufunguliwe kabla ya kufungua bomba lolote, isipokuwa pale ambapo kipimo chenyewe chahitaji stata. Na desturi ya kunyonya mafuta kwa mdomo iachwe kabisa. Tone moja likiingia mapafuni laweza kumlaza mtu hospitalini au kumuua. Mtu akimeza petroli au mafuta ya taa asitapishwe, bali apelekwe kwa mganga upesi, kwa kuwa kutapika huyapeleka mafuta mapafuni.

Kuifuata Njia ya Mafuta

Injini ya petroli yataka vitu vitatu: mafuta, hewa, na cheche ya plagi katika wakati wake. Swali la kwanza ni hili: je, kosa ni la mafuta kweli? Hapa gari lenyewe hutoa ushahidi. Injini inayokatika ghafula, kama iliyozimwa kwa ufunguo, mara nyingi ina kosa la umeme. Injini inayolegea, ikakohoa, ikajitahidi, kisha ikafa polepole, mara nyingi ina njaa ya mafuta. Injini inayotoa moshi mweusi na kunuka petroli imeshiba kupita kiasi. Plagi nayo ni shahidi mwema. Ikifunguliwa, yenye rangi ya kahawia hafifu huonyesha afya. Nyeusi yenye masizi huonyesha mafuta mengi mno au hewa kidogo. Nyeupe huonyesha mafuta machache. Iliyolowa petroli huonyesha mafuriko, au cheche isiyokuwapo.

Ikiwa ushahidi waelekea kwenye mafuta, tuanze mwanzo wa njia, yaani tangini. Kwanza kabisa, je, mafuta yamo? Geji ya gari la zamani ni shahidi wa uongo. Kijiti safi kikavu husema kweli zaidi. Pili, mafuta kidogo yatolewe kutoka chini ya tangi na kutiwa katika chupa nyeupe, yaachwe yatulie kwa nusu saa. Maji ni mazito kuliko petroli na kuliko dizeli, kwa hiyo yatajikusanya chini ya chupa na mpaka wake utaonekana wazi. Kutu na mchanga navyo vitaonekana. Tatu, tone moja la petroli lidondoshwe juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka yote katika dakika chache, na karatasi hubaki bila doa. Ikibaki alama ya mafuta, petroli hiyo imechanganywa na mafuta ya taa au dizeli. Vipimo hivi vitatu havina gharama yoyote, na mara nyingi humaliza kesi.

Baada ya tangi ni kifuniko, ambacho tumekwisha kukieleza. Kipimo chake ni kukilegeza pale gari linapoanza kukohoa. Gari likipata nguvu mara moja, mwenye hatia amekamatwa.

Kisha hufuata mabomba na mipira. Hapa pana jambo linalowapotosha hata mafundi wazuri. Wengi hutafuta mahali panapovuja, na wasipoona tone hutangaza kwamba mabomba ni mazima. Lakini kati ya tangi na pampu, mafuta huvutwa; hayasukumwi. Mpira uliopasuka katika sehemu hiyo huenda usidondoshe hata tone moja, bali huingiza hewa, na pampu ikala hewa badala ya mafuta. Kwa hiyo mpira wa zamani ukunjwe kwa vidole. Ukionyesha nyufa, ubadilishwe hata kama hauvuji. Chujio nalo litazamwe. Chujio lililojaa uchafu huacha gari litembee vizuri penye tambarare, kisha hulinyima mafuta penye mlima, pale injini inapotaka zaidi.

Pampu ifuate sasa, wala si kabla. Katika magari mengi ya zamani pampu hufungwa ubavuni mwa injini, na ndani yake mna kiwambo cha mpira kinachopanda na kushuka. Baadhi ya Land Rover za zamani zina pampu yenye kikombe cha kioo ambamo maji na uchafu huonekana, na mkono mdogo wa kuipigia kwa vidole. Ili kuipima, waya wa koili uondolewe ili pasiwe na cheche, bomba lifunguliwe upande wa kabureta na kuelekezwa katika chupa, kisha stata ipigwe kwa sekunde chache. Mafuta yaruke kwa nguvu na kwa mapigo. Yakitiririka kwa unyonge, ama pampu imechoka ama njia ya nyuma yake imeziba.

Ili kutenganisha mambo hayo mawili, mpira unaoingia katika pampu utolewe kwenye bomba la tangi na kutumbukizwa katika kidumu cha petroli safi, kilichowekwa imara mbali na eksozi, kisha kipimo kilekile kirudiwe. Mafuta yakiruka sasa kwa nguvu, pampu haina hatia, na kosa limebaki nyuma, kwenye tangi au bomba. Kwa kipimo hiki nusu ya njia yote imeondolewa katika mashaka kwa muda wa dakika tano. Jambo moja zaidi: kijiti cha oili kitolewe na kunuswa. Ikiwa oili imeongezeka na inanuka petroli, huenda kiwambo cha pampu kimetoboka na petroli inaingia ndani ya injini. Gari la namna hiyo lisiwashwe hata kidogo mpaka litengenezwe na oili ibadilishwe.

Mwisho wa njia ni kabureta, ambayo wengi huifanya mwanzo. Ndani yake mna boya dogo linalofunga na kufungua mlango wa mafuta, kama boya la tangi la maji. Boya likikwama au likitoboka, petroli hufurika. Tundu dogo la shaba likizibwa na uchafu, injini hukosa mafuta, hasa katika mwendo wa polepole. Tundu hilo lipulizwe kwa hewa; lisichokonolewe kwa waya, maana shaba ni laini, na tundu likipanuka hata kwa unene wa unywele, gari litakula petroli siku zake zote. Choki nayo itazamwe, kwa kuwa waya wake ukikwama gari hutoa moshi mweusi, na watu huilaumu injini.

Pana ugonjwa mwingine unaokuja na joto la mchana. Petroli huchemka ndani ya bomba lililopita karibu mno na eksozi, mvuke ukaziba njia, na gari likakataa kuwaka hadi lipoe. Kitambaa kilicholoweshwa maji na kuwekwa juu ya pampu na bomba hutoa jibu. Gari likiwaka baada ya hapo, bomba lisogezwe mbali na moto, wala pasinunuliwe kitu.

Kwa wenye magari ya dizeli, moshi ndio msemaji. Stata ikipigwa na moshi mweupe ukatoka pasipo injini kuwaka, mafuta yanafika lakini hayaungui. Pasipotoka moshi wowote, mafuta hayafiki, na mara nyingi sababu ni hewa iliyoingia njiani baada ya mafuta kuisha au chujio kubadilishwa. Katika injini za zamani hewa hiyo hutolewa kwa kulegeza skrubu yake na kupiga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe. Lakini mabomba ya kutoka pampu kubwa kwenda kwenye nozeli yaachiwe fundi mwenye ujuzi. Dizeli iliyomo humo ina nguvu ya kutoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha lake, ingawa laonekana dogo, huweza kumkatisha mtu kidole au mkono.

Tumlipe Fundi kwa Jicho Lake

Hapo ndipo tunapofikia kiini cha maoni yetu. Watu husema kwamba mafundi wa siku hizi ni wabahatishaji. Sisi twauliza: nani aliyewafanya kuwa wabahatishaji? Fundi akitumia saa mbili kutafuta kosa, kisha akakaza klipu moja ya mpira na gari likapona, mwenye gari hukataa kumlipa, akisema, "Umekaza klipu tu!" Lakini fundi yuleyule akifunga pampu mpya isiyohitajiwa, hulipwa bila ubishi, kwa sababu mteja ameona kitu kikiingia ndani ya gari lake. Tumekubali kuulipa mkono, tumekataa kulilipa jicho. Basi tusishangae mafundi wakijifunza kutumia mkono na kulifumba jicho.

Mganga wa hospitali hupima damu kabla ya kutoa dawa ya malaria, na hakuna mgonjwa mwenye akili anayedai kwamba kipimo si kazi. Vivyo hivyo kuutafuta ugonjwa wa gari ni kazi, tena ndiyo kazi kubwa kuliko kufunga kipuri. Tunapendekeza mapatano mapya kati ya mwenye gari na fundi. Kabla kipuri chochote hakijanunuliwa, fundi amwonyeshe mwenye gari kosa kwa macho: maji ndani ya chupa, mpira wenye ufa, pampu isiyoruka. Naye mwenye gari akionyeshwa, alipe kwa kuonyeshwa huko, hata kama dawa yake ni kutoboa tundu la kifuniko.

Wapo watakaosema kwamba kumfundisha mwenye gari kujipimia nyumbani ni kumnyang'anya fundi riziki yake. Hatuoni hivyo. Mama anayetambua kwamba mtoto ana homa hamnyang'anyi mganga kazi. Humletea mgonjwa mapema, tena kwa maelezo yaliyo sahihi. Wengine watasema kwamba magari mapya yanayoendeshwa kwa kompyuta yamekwisha kuyafanya maarifa haya kuwa ya kale. Kuhusu magari hayo wana haki, na twawashauri wenye nayo wasiyaguse mabomba yake ya mafuta yenye msukumo mkubwa. Lakini hata gari jipya kabisa halina dawa ya maji yaliyomo ndani ya petroli. Vyombo vyake vya mafuta huharibika upesi zaidi, na bei yake ni kubwa zaidi. Kipimo cha chupa hakijazeeka.

Wapo pia wanaoilaumu petroli isiyo na risasi kwa kila kikohozi cha gari kuukuu. Ni kweli kwamba petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, na ni kweli kwamba baadhi ya injini za zamani zilitegemea risasi hiyo kuzilinda vali zake zisilike upesi. Lakini kulika kwa vali ni jambo la miaka. Si sababu ya gari kuzima leo mlimani. Anayetafuta sababu mbali huikosa iliyo karibu.

Neno letu la mwisho ni kwa watu wanne. Wauza mafuta tunawaomba watenge vyombo vya petroli na vya dizeli, wavikaushe, wavifunike, na wachuje kila wanapomimina. Wenye magari tunawaomba wasiache tangi likae nusu tupu wakati wa masika, maana hewa yenye unyevu hugeuka maji ndani yake, na wasikubali kulipia kipuri kabla ya kuonyeshwa kosa. Mafundi tunawaomba waanze na tangi, siyo na duka. Na wenye kuendesha vyuo vya ufundi tunawaomba wakumbuke kwamba katika ufuko huu Kibemba na Kibwile vinakutana na Kiswahili kinachovuka kutoka Pweto, na kwamba katika makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018 wilayani Nchelenge kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, wamo vijana wengi wanaokifahamu Kiswahili kuliko Kiingereza. Maarifa ya kutafuta kosa yafundishwe kwa lugha ambayo mwanafunzi huitumia kufikiri.

Mvuvi wa Mweru akiona mtumbwi wake unaingiza maji hanunui mtumbwi mwingine. Huuvuta nchi kavu, huugeuza, huupitishia kiganja tangu tezi hadi omo mpaka aone tundu lilipo, kisha huliziba. Hajasomea kazi hiyo katika chuo chochote, wala hasubiri mtu wa kutoka Mansa. Tunachokiomba ni kwamba gari nalo litendewe kwa busara hiyohiyo ambayo mtumbwi umetendewa tangu enzi za mababu: kosa litafutwe kwanza, kisha fedha ndipo itoke mfukoni.